Sindano ya kupunguza mwili: piga hesabu ya mwaka, si ya kalamu moja

Waliingia kliniki mtu na wifi yake. Mkubwa akatoa mkobani mfuko wa plastiki, ndani mna kalamu ya sindano na barafu ambayo hadi saa nne asubuhi ilishakuwa maji. Walicheza upatu, zamu yao ilipofika wakainunua kwa mtu anayeuza kwa simu. Kalamu ile ina dozi nne, basi wakagawana: wiki hii huyu, wiki ijayo yule. “Sindano tunabadilisha, daktari,” akawahi kunambia kabla sijauliza.

Kubadilisha sindano hakusaidii kitu. Mtu anapojidunga, damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya kalamu, na dawa anayoipata mwenzake ni hiyohiyo ya ndani. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi vinaweza kupita hapo. Kalamu moja ni ya mtu mmoja, hata kama ni ndugu wa tumbo moja. Tena dawa hii ni ya kila wiki, na wao kila mmoja alikuwa akiipata kwa kuruka wiki. Pesa imekwenda na kazi haikufanyika.

Sikuwalaumu. Sindano hizi ni ghali, na mtu asiyemudu hutafuta njia. Ila njia ya nafuu inaanzia kwa daktari, na watu wengi huko ndiko wanakokukimbia kwa kuogopa gharama.

Semaglutidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa uzito, huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia dozi kamili ya miligramu 2.4 pamoja na kurekebisha chakula na mazoezi walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Mwenye kilo 90 hapo anapoteza kama 13. Lakini walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, theluthi mbili za uzito ule zilikuwa zimerudi. Kwa hiyo usiulize kalamu ni kiasi gani. Uliza miezi kumi na miwili ni kiasi gani, ukijua dozi huanza miligramu 0.25 na kupandishwa kidogo kidogo, na bei nayo huweza kupanda. Kama jibu linakushinda, kwa maoni yangu bora usianze.

Daktari atakupima kwanza. Mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 82 ana uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 32; kwa kawaida dawa hizi ni za kuanzia 30, au 27 ukiwa na maradhi kama presha au sukari. Atauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyepata saratani ya tezi ya shingo, maana aina moja yake inakuzuia kabisa kutumia, na kama umewahi kuugua kongosho. Anayetaka kushika mimba huacha semaglutidi miezi miwili kabla. Anayetumia tirzepatidi, yaani Mounjaro, sindano nyengine ya aina hii, asitegemee vidonge vya uzazi wa majira peke yake anapoanza au anapopandishiwa dozi.

Kisha mwambie waziwazi uwezo wako. Akuandikie kwa jina la dawa yenyewe, si la kampuni, ili ulinganishe bei. Liraglutidi, dawa ya jamii hiyohiyo ila ya kila siku, imeshaanza kutengenezwa na kampuni nyengine, na hataza ya semaglutidi, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, mwisho wake ni mwaka 2026 katika nchi kadhaa, India ikiwemo. Kama dozi ndogo inakufaa, muulize kama unaweza kubaki nayo. Ukiwa na bima, waulize kabla ya kununua.

Vichupa vya kujivutia mwenyewe kwa bomba la insulini viepuke. Kichupa kikiwa na miligramu 5 kwa mililita, dozi ya kuanzia ni alama 5 tu kwenye bomba la alama 100 kwa mililita. Ukivuta hadi 50 umejidunga dozi mara kumi ya hiyo, na kutapika kwake kunakulaza spitali. Dawa bandia nazo zipo: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi ya kughushi. Nunua duka la dawa lenye kibali, na ukiwa na shaka na boksi lipeleke Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ile ya wale mawifi ilishafunguliwa na kutumiwa na watu wawili, tena ilikuwa imelowa kwenye barafu tangu Mkoani, Pemba, ndani ya boti. Tuliitupa. Mdogo mtu tulipompima alikutwa na sukari, akaanza metformini, vidonge vya bei ndogo. Mkubwa tulimpa tarehe ya kurudi, aje na hesabu yake ya mwaka.