Bima binafsi ya afya hapa Tanga: ulizia hospitali kabla ya bei

Wengi wanaotaka bima binafsi huanza kwa kuuliza bei. Mimi naanza na orodha ya hospitali na zahanati zinazopokea kadi. Kampuni nyingi makao yake ni Dar es Salaam, na orodha zao zimejaa Masaki, Upanga na Kinondoni. Ukifika kwenye Tanga, majina ni machache. Mwombe wakala orodha ya Tanga pekee, ya mwaka huu. Kisha pita mwenyewe kwenye dirisha la bima la kituo ulichozoea, kiwe Ngamiani au Chumbageni, uulize mambo mawili: kadi ya kampuni hii mnaipokea leo? Na kifurushi hiki hasa mnakipokea? Kampuni moja huwa na vifurushi kadhaa, na kile cha bei ya chini huenda kisiingie hospitali ambayo cha juu kinaingia. Halafu mikataba hii nayo ni waja leo waondoka leo: hospitali ikicheleweshewa malipo yake inaweza kusimamisha kadi katikati ya mwaka, na wewe ada umeshalipa.

Usiishie mjini. Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kesi zinazohitaji bingwa zaidi hupelekwa KCMC Moshi au Muhimbili, za moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete, na kwa barabara Moshi au Dar ni kama kilomita 350. Uliza kama hospitali hizo zimo kwenye kifurushi chako, na kama gari la wagonjwa linalipiwa mkoa hadi mkoa au ni la ndani ya mji tu. Wenye ndugu Mombasa waangalie zaidi: Horohoro ni pua na mdomo, lakini bima iliyokatwa Tanzania kwa kawaida haivuki mpaka ila mkataba uwe umeitaja Kenya.

Sasa fungua jedwali la mafao. Hapa ndipo watu wanapoumia. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye kipeperushi, tuseme milioni 10 za kulazwa, haimaanishi kwamba kila ugonjwa una milioni 10. Ndani yake mna vikomo vidogo: uzazi milioni 1.5, magonjwa sugu milioni 2, meno laki 2. (Namba zote hapa ni za mfano.) Mama akijifungua kwa upasuaji na bili ikafika milioni 2.2, kampuni inalipa 1.5 na familia inatafuta laki 7 kabla ya kuruhusiwa kutoka, ingawa milioni 8.5 za zile 10 bado zipo kwenye karatasi. Tazama pia kama kikomo ni cha kila mtu au cha familia nzima. Milioni 10 za watu 5 zinaweza kumalizwa na mmoja aliyevunjika nyonga, na wanne wakabaki na kadi tupu mpaka mwaka uishe. Chumba nacho kina kikomo kwa siku. Ukiomba cha faragha wakati kifurushi ni cha wodi ya kawaida, tofauti ni yako.

Hesabu kubwa ni kati ya matibabu ya nje na kulazwa. Mawakala hupenda kuuza vyote pamoja, maana kadi ya kutibia mafua mteja anaiona ikifanya kazi. Kaa chini na risiti za mwaka uliopita. Kama familia yako ilikwenda zahanati mara 12, kila safari ikagharimu 25,000, umetumia laki 3. Fao la matibabu ya nje likiongeza laki 5 kwenye ada, unailipa kampuni laki 2 zaidi ili ikushikie hela yako. Kwa familia ya namna hiyo nashauri ikate bima ya kulazwa pekee, kama kampuni inaiuza peke yake, na ile laki 3 iwekwe kwenye akaunti au kwa VICOBA kwa ajili ya vipimo vya malaria na dawa za kikohozi. Kinachouza kiwanja au mashua ni bili ya kulazwa. Ila mwenye watoto wadogo wanaougua kila mwezi, au mwenye dawa za kila siku, hesabu yake hugeuka, na afanye yake, asiige ya jirani.

Kipindi cha kusubiri ndicho kinachozua ugomvi mwingi. Ajali huanza kulipiwa mara bima inapoanza. Maradhi ya kawaida mara nyingi husubiri siku 30, uzazi miezi 9 hadi 12, na ugonjwa uliokuwepo kabla huweza kusubiri mwaka au zaidi, au usilipiwe kabisa. Sababu yake mcheza upatu anaielewa haraka: anayeingia ili achukue zamu ya kwanza kisha ahame mtaa, anauua mchezo. Kwa hiyo bima ya uzazi hukatwa kabla ya mimba. Mtoto akizaliwa, uliza ana siku ngapi za kuandikishwa, maana zikipita huenda akasubiri mwaka mpya wa bima.

Kwenye fomu andika presha, kisukari, upasuaji wa zamani, vyote. Wakala akikwambia uache wazi ili ada isipande, jua yeye analipwa kamisheni leo na wewe utakataliwa dai kesho. Kampuni ikiona kwenye faili la hospitali kwamba dawa za presha ulianza kuzimeza kabla ya kusaini, ina haki ya kukataa dai na hata kuvunja mkataba. Majina nayo yafanane na ya kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi. Mwanahamisi wa kwenye fomu na Mwanahamis wa kwenye kitambulisho, dirishani ni watu wawili.

Upasuaji wa kupangwa na vipimo kama CT skani huhitaji kibali. Hospitali hutuma maombi, daktari wa kampuni huyapitia, na ukiingia bila jibu unalipa mwenyewe. Kwa dharura unatibiwa kwanza, lakini kampuni ipewe taarifa ndani ya muda uliotajwa, mara nyingi saa 24 au 48. Ukilipa taslimu ili urejeshewe, tunza risiti halisi ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa. Risiti iliyoandikwa "matibabu" peke yake hurudishwa.

Mtumishi wa umma tayari anakatwa kwa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, asilimia 3 yake na 3 ya mwajiri. Kwake bima binafsi ni nyongeza, na mara nyingi haina haraka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, kwa hiyo mwenye kipato kidogo aanzie kwenye skimu ya umma. Wazazi waliopita miaka 60 wengi hukuta mlango wa kampuni binafsi umefungwa, au ada imepanda mno. Hapo fedha hiyo ni afadhali iwekwe akiba.

Ukishaamua, hakiki leseni ya kampuni na ya wakala kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Ada iingie kwenye akaunti ya kampuni, isiende kwenye simu ya wakala. Dai lolote likikataliwa, omba barua yenye kutaja kifungu cha mkataba. Kwa barua hiyo unaandika malalamiko kwa kampuni, na wakikaza unakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.