Namba ya presha kwenye boksi haikuambii ladha ya kahawa

Juma lililopita mzee mmoja mstaafu alinipigia simu akiwa amesimama dukani, mbele ya mashine mbili za nyumbani za espresso (kahawa nzito ya kikombe kidogo), zile zinazosaga punje zenyewe na kumimina kikombe kwa kubonyeza kitufe kimoja. Baada ya shikamoo na marahaba, alinisomea maandishi ya kwenye maboksi: moja lilisema bar 15, jingine bar 19. "Fundi," akaniuliza, "hii ya 19 ndiyo yenye nguvu, au siyo?" Nilimjibu kwa upole kwa sababu ni mzee wangu, lakini swali hilo nimeulizwa na watu wengi mno. Baadhi yao waliniletea mashine baada ya kulipa fedha nyingi kwa ajili ya namba hiyo peke yake, kisha wakashangaa kwamba kahawa yao ni maji matupu. Naomba nilieleze jambo hili mara moja kwa kirefu.

Bar ni kipimo cha presha, ile ambayo shuleni tuliifundishwa kwa jina la kanieneo. Bar 1 inakaribia kuwa sawa na mgandamizo wa hewa ya usawa wa bahari, na mpiga mbizi huongezewa bar 1 hivi kwa kila mita 10 anazoshuka. Espresso hupikwa kwa takriban bar 9. Waitaliano, ambao kinywaji hiki ni chao, wameweka kiwango chao kwa maandishi: gramu 7 za kahawa iliyosagwa, maji yanayotoka yakiwa na joto la nyuzi 88, bar 9, sekunde 25, na kikombe cha mililita 25, pamoja na nafasi ndogo ya kuzidi au kupungua. Katika kiwango hicho hakuna bar 15 wala 19.

Namba ya kwenye boksi ni ukomo wa pampu. Mashine nyingi za nyumbani zina pampu ndogo ya mtetemo, na ile ninayokutana nayo mara nyingi ni Ulka ya Italia, ambayo nimeifungua ndani ya mashine za bei nafuu na za bei ya juu vilevile. Pampu hiyo inaweza kufika bar 15 pale tu njia ya maji inapozibwa kabisa, yaani wakati hakuna tone linalopita. Njia ikiwa wazi kabisa, inasukuma takriban mililita 650 kwa dakika bila presha yoyote ya maana. Kahawa hupikwa mahali fulani kati ya ncha hizo mbili, na kinachoamua ni mahali gani si pampu, bali ni ukinzani wa kahawa yenyewe. Shika mpira wa kumwagilia bustani: maji yakitoka bila kizuizi hayana nguvu, lakini ukibana mdomo wa mpira kwa kidole gumba yanaruka hadi ukutani, ingawa bomba halijaongezwa chochote. Katika mashine ya kahawa, kidole gumba ni unga wa kahawa. Ukisagwa chengachenga, maji yanapita haraka, presha haijengeki, na kikombe kinakuwa chepesi na kichachu hata kama boksi limeandikwa bar 30. Aliyewahi kukuna nazi kwa mbuzi butu ananielewa: nazi iliyokunwa vibaya haitoi tui zito, hata aikamue mtu mwenye mikono ya namna gani.

Muuzaji naye hana hatia kubwa, kwa kuwa anasoma kilichoandikwa. Linaloniudhi ni kwamba namba hiyo imewekwa mahali ambapo mnunuzi ataiona kwanza, huku mambo yanayoamua kikombe chake yakiwa hayakuandikwa popote. Imani yenyewe ina mzizi wa kweli, na ni haki kuueleza. Mashine za mwanzoni mwa karne ya 20, kama zile zilizotokana na hataza ya Luigi Bezzera ya mwaka 1901, zilisukuma maji kwa mvuke, na presha yake haikuzidi sana bar 1 na nusu. Achille Gaggia wa Milano alisajili uvumbuzi wake mwaka 1938, na baada ya vita mashine zake za mkono na springi zikafikisha bar 8 hadi 10. Ndipo ile krema, povu la rangi ya dhahabu juu ya kikombe, lilipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, ambayo ilitumia pampu ya umeme kushikilia bar 9 bila kuyumba. Kwa hiyo kupanda kutoka bar 1 na nusu hadi 9 kulibadilisha kinywaji chenyewe. Kosa ni kudhani kwamba ngazi hiyo inaendelea kupanda milele, na kwamba 19 itazidi 15 kama vile 9 ilivyoizidi moja na nusu.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi hawaambiwi. Katika mashine nyingi zinazojisagia, kwenye njia ya kutokea kahawa kuna vali ndogo yenye springi, inayoizuia kahawa isitoke mpaka presha ijengeke. Vali hiyo inatengeneza povu zuri hata pale kahawa imesagwa chengachenga au imekaa kwenye mfuko miezi mingi. Kwa hiyo mteja anapoletewa kikombe cha kuonja dukani na kuambiwa "tazama krema hiyo, ndiyo kazi ya bar 19", anachotazama ni kazi ya springi. Tafadhali onja, usitazame.

Nikiri pia kwamba hata bar 9 yenyewe siishikilii kama aya ya msahafu. Siku hizi wapo wapishi wa kahawa wanaoshusha hadi bar 6 na kupata kikombe kitamu kisicho na ukali. Nimejaribu hivyo mwenyewe kwenye mashine za mkono zinazoruhusu kurekebisha. Mara nyingine nilipenda matokeo, mara nyingine kahawa ileile ilinionekea dhaifu, na sijaweza kujitungia kanuni. Nina uhakika na upande mmoja tu: sijawahi kukutana na kahawa iliyoboreka kwa kupelekwa juu ya bar 10.

Sasa, mtu atazame nini? Kwanza kinu. Mashine hizi zina kinu chenye meno ya chuma au ya kauri, na wauzaji husifu kauri kwa kuwa haipati joto upesi. Kwa vikombe viwili asubuhi, mimi sijawahi kuonja tofauti hiyo. Tofauti niliyoiona ni mezani kwangu: kahawa inayokaangwa kwa mkono na kuuzwa kwa kupimiwa sokoni huwa na vijiwe, na kijiwe kikiingia kwenye meno ya kauri yanavunjika, wakati ya chuma mara nyingi yanachubuka tu. Ukinunua punje za namna hiyo, zimwage kwenye ungo uzipembue kama mchele kabla ya kuzitia. Muhimu zaidi ni idadi ya hatua za kurekebisha usagaji, na kama kweli utazitumia. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa katikati au kwenye uchenga, na wenye nazo hukaa miaka bila kugusa kirungu. Kizungushe hatua moja moja kuelekea unga laini, kinu kikiwa kinazunguka, kisha pika vikombe viwili au vitatu kabla ya kuhukumu, kwa sababu unga wa zamani bado umebaki njiani. Marekebisho hayo ya dakika kumi yameokoa mashine nyingi ambazo wenyewe walikuwa tayari wamezikatia tamaa.

Punje zenyewe zina masharti. Zilizokaangwa mpaka zikang'aa kwa mafuta hushikamana kwenye tangi la punje na kukifanya kinu kizunguke kitupu, kisha mashine inakuandikia kwamba kahawa imekwisha ilhali tangi limejaa. Chagua ukaangaji wa kati. Arabika ya Kilimanjaro au ya Mbinga ina uchachu mzuri na harufu. Robusta ya Kagera ina kafeini takriban mara mbili ya arabika, uchungu zaidi na krema nzito, na binafsi napenda kuichanganya kidogo ndani ya arabika. Na ninawaomba, tena kwa msisitizo, msitie tangawizi, iliki wala mdalasini kwenye tangi la punje. Kahawa ya viungo ni urithi wetu wa pwani na ninainywa kila siku jioni, lakini inapikwa kwenye dele. Nyuzi za tangawizi kavu zikishajikunja kwenye meno ya kinu, ni kukifungua chote.

Jambo la pili, na kwa mnunuzi wa nyumbani mimi naliweka juu ya yote, ni grupu. Hicho ndicho chumba ambamo unga unaangukia, unagandamizwa na pistoni, unapitishiwa maji, kisha machicha yanasukumwa kwenye boksi lake. Katika mashine za De'Longhi, Philips, Saeco, Siemens na Bosch, kwa kawaida unafungua mlango, unaitoa grupu kwa mkono na kuisuuza bombani. Jura ya Uswisi imeifungia ndani, na husafishwa kwa vidonge maalumu. Jura ni mashine nzuri, imeundwa kwa umakini, na kikombe chake sikitilii shaka. Hata hivyo, mimi nafanya kazi Dar es Salaam, ambako joto na unyevu havimpi mtu nafasi ya uvivu: machicha yaliyolala siku mbili yanaota ukungu, na unga unaomwagika kandokando ya grupu nao unaota. Grupu inayotoka inamwonesha mwenye nyumba uchafu kwa macho yake. Iliyofungiwa inamtaka awe mwaminifu kwa vidonge, na vidonge vikikosekana dukani kwa miezi mitatu, watu huendelea kunywa tu. Isuuze kila juma kwa maji bila sabuni, iache ikauke, na kila baada ya miezi michache paka raba zake grisi ya silikoni inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Raba kavu hufanya pistoni ivute kwa shida na grupu ikwame katikati. Hitilafu hiyo ndiyo inayonilisha kuliko nyingine zote, nami ningefurahi ipungue.

Kuhusu ujazo wa chumba hicho: mashine nyingi za nyumbani hupokea kati ya gramu 7 na takriban 12 kwa mpigo, wakati kichujio cha vikombe viwili cha mgahawani hubeba gramu 18 hivi. Ndiyo maana ukibonyeza kikombe kikubwa ukitarajia kahawa nzito, unapata nyepesi. Unga ni uleule, maji ndiyo yameongezwa. Bonyeza kikombe kidogo mara mbili.

Maji. Ukoko wa chokaa huziba hita na mirija, na mashine itakuashiria wakati wa kuuondoa kwa kufuata kiwango cha ugumu wa maji ulichokiweka mwenyewe siku ya kwanza, kwa hiyo tumia ile karatasi ya kupimia iliyomo kwenye boksi. Hapa kuna jambo nililobadili mawazo. Kwa muda mrefu niliwaambia wateja wenye maji ya kisima waondoe ukoko mara nyingi zaidi, mpaka nilipoanza kuona hita zilizoliwa na kutu ilhali hazikuwa na ukoko wowote. Visima vingi vya jirani na bahari vina chumvi, na dawa ya kuondoa ukoko haiondoi chumvi. Sasa nashauri maji ya kunywa ya chupa kubwa, ingawa najua ni gharama, na mashine irekebishwe kulingana na ugumu wa maji hayo. Siki isitumike, inaacha harufu na inaharibu raba.

Maziwa nitayapita haraka: mrija wowote uliopitisha maziwa usafishwe siku hiyohiyo, na asiyependa kazi hiyo achukue mashine yenye bomba la mvuke la kawaida, kwa kuwa hulifuta kwa kitambaa na kazi ikaisha. Umeme pia: mashine iliyoletwa kutoka Marekani imeundwa kwa volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), na transfoma inabadili volti tu. Pampu ya mtetemo hupiga kwa kufuata hezi, hivyo kwenye hezi 50 za kwetu itapiga taratibu zaidi maisha yake yote. Stabilaiza inayoweza kubeba wati 1500 na zaidi si anasa mahali ambapo umeme unapanda na kushuka.

Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana raba za grupu na pampu kwenye ghala lake, leo, si kwa kuagiza. Mwombe pia aitoe grupu na kuirudisha mbele yako.

Mzee wangu alimwomba muuzaji afanye hivyo kwa mashine zote mbili huku simu ikiwa bado sikioni. Ya bar 19 ilikuwa na grupu iliyofungiwa ndani, na hakuna aliyejua vidonge vyake vinauzwa wapi. Alichukua ya bar 15. Jumapili nilipita kwake, tukasogeza usagaji hatua mbili kuelekea unga laini, na kikombe cha tatu alikinywa bila sukari.