Mtungi unapoza maji, nanyi bado mnaniandikia hivyo

Wiki hii nimesahihisha tena majaribio ya wanafunzi wangu wa kemia wa Senior Six (mwaka wa mwisho wa sekondari) hapa Jinja, Uganda, na sentensi ni ileile: "Mmenyuko huu unatoa joto, kwa hiyo utaenda wenyewe." Hawa wanaikariri ΔG = ΔH − TΔS bila kukosea herufi (ΔG ikiwa hasi mmenyuko unaweza kwenda wenyewe; ΔH ni joto linaloingia au kutoka, T ni halijoto, ΔS ni badiliko la entropia, yaani kiasi cha kutawanyika), kisha wanatazama ΔH peke yake na kutoa hukumu!

Si kweli. Chota vijiko vya mbolea ya urea, koroga kwenye kikombe cha maji, kishike. Kinapoa mkononi. Urea imeyeyuka bila kulazimishwa, huku ikinyonya joto. Maji ya mtungini nayo yanapenya kwenye udongo na kuwa mvuke, kila moli (kipimo cha wingi wa chembe) ikichukua kilojuli 44 hivi za nishati, ndiyo maana yanayobaki ni baridi.

Kosa hili lina wazee wake. Mkemia Julius Thomsen wa Denmark alilitoa mwaka 1854, na mkemia Marcellin Berthelot wa Ufaransa akaja kulifanya kanuni. Mwanafizikia Mjerumani Clausius aliipa entropia jina lake mwaka 1865, mkemia Mjerumani Horstmann akaitumia kueleza mitengano ya kikemia mwaka 1873, na Mmarekani Gibbs akaikamilisha hesabu kati ya 1876 na 1878. Lakini Berthelot alikuwa na sauti kubwa Paris. Mwanafizikia kijana Pierre Duhem alipoleta tasnifu iliyoipinga kanuni hiyo mwaka 1884, ilikataliwa, na hadi kufa hakupata kiti cha uprofesa Paris. Inaniuma kuona kilichomgharimu Duhem hivyo kinaandikwa upya kwenye karatasi za wanafunzi wangu.

Chukueni mawe ya chokaa, kama yale ya Hima na Tororo. Kuyavunja kuwa chokaa na kaboni dayoksaidi kunanyonya kilojuli 178 kwa moli. Entropia inapanda kwa juli 160 hivi kwa kelvini, kwa sababu gesi imezaliwa. Gawanya 178,000 kwa 160 upate T inayofanya ΔG iwe sifuri: kelvini 1,110, yaani karibu nyuzi 840 za Selsiasi. Chini ya hapo, gesi ikiwa kwenye kanieneo ya angahewa moja, jiwe linabaki jiwe; juu ya hapo linaachia. T ndiyo inayoamua, nanyi ndiyo mnayoisahau. Iandikeni kwanza, kwa kelvini, na mgeuze kilojuli kuwa juli kabla ya kugusa kikokotoo.

Makosa mengine ni mepesi. "ΔG hasi maana yake mmenyuko ni wa haraka." Hapana. Makaa na oksijeni vina ΔG ya kama kilojuli −394 kwa moli, na gunia linakaa stoo miezi mpaka mtu alete kiberiti. Kasi ina somo lake.

"Sheria ya Hess (joto la mmenyuko ni lilelile hata ukipita njia gani) ilitolewa kwenye sheria ya kwanza (nishati haiumbwi wala haipotei)." Hapana. Hess aliipata mwaka 1840 kwa kupima joto maabara, kabla ya daktari Mjerumani Mayer kuchapisha makala yake kuhusu nishati mwaka 1842. Carnot, mhandisi Mfaransa aliyechunguza injini za joto, naye alitangulia wote, mwaka 1824, akiwa bado anahesabu joto kama kimiminika kisichopotea.