Si kila kitambaa cha maua ni batiki

Juzi nimesikia tena foronya ya buluu yenye ndege wanaokwapua stroberi ikiitwa "batiki ya Kizungu". Mnunuzi alisema hivyo, muuzaji akaitikia, na foronya ikaenda nyumbani na jina lisilo lake. Sikuweza kunyamaza tena.

Nakshi ile inaitwa Strawberry Thief. Aliibuni William Morris, Mwingereza, mwaka 1883, na ilitolewa kwa chapa ya kibao. Maana yake ni fupi: nakshi huchongwa kwenye kibao cha mti mgumu, kila rangi na kibao chake. Mpiga chapa hukigusisha kibao kwenye rangi, hukilaza juu ya pamba iliyotandazwa mezani, hukigonga kwa nyundo, kisha husogea akiongozwa na vijipini vya pembeni ili maua yaungane. Ndiyo hiyo tu.

Neno lenyewe ndilo lenye safari. "Chapa" tumelipata kwa Wahindi, kwao ni chhap. Neno hilohilo lilivuka bahari hadi kwa Wajava wa Indonesia, wakaliandika cap na kulitamka karibu kama sisi. Waingereza nao walipopokea pamba za maua kutoka India walichukua jina jingine, chint, yaani yenye madoadoa. Wakaliongezea s ya wingi, kisha wakasahau kwamba ni wingi, likawa chintz, kitambaa kimoja. Sisi wenye kiplefti na viplefti hatuwezi kuwashangaa. Pamba hizo zilipendwa mno hata wafumaji wa sufu na hariri wakalalamika, na sheria ya 1721 ikakataza nyingi kati yake kuvaliwa au kupamba nyumba huko Uingereza. Ilifutwa 1774.

Sasa batiki. Neno ni la Java, na kiini chake ni nta. Nta inapakwa pale ambapo rangi haitakiwi, nguo inatumbukizwa kwenye rangi, nta inaondolewa, na sehemu iliyokingwa inabaki nyeupe. Watu huniambia, "Lakini mafundi wa batiki wa Dar nao wanatumia vibao!" Ni kweli. Hata Java ipo batik cap, inayopigwa kwa chapa ya shaba. Lakini chapa ile inabeba nta. Kuwepo kwa kibao hakutoshi kuamua jina la kitambaa. La kuuliza ni kibao kimebeba nini.

Na hapa ndege wa Morris wanapotosha macho, kwa sababu buluu yao ni ya nili, rangi ya mmea ambayo nguo hutumbukizwa ndani yake, kama kwenye batiki. Nili ina tabia ngumu. Ili ishike pamba lazima kwanza iyeyushwe katika pipa lisilo na hewa, na ikikutana na hewa inageuka buluu na kuganda palepale. Ukiipaka kwenye kibao inaharibika kabla haijafika kwenye nguo. Morris alilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1873 alibuni Tulip and Willow, akampa Thomas Clarkson wa karibu na Preston aipige chapa, naye akatumia buluu ya kiwandani iitwayo buluu ya Prussia. Morris hakuridhika. Kuanzia 1875 akaenda kwa Thomas Wardle, mtia rangi wa mji wa Leek, akajifunza kutia rangi kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1881 akachukua karakana ya Merton Abbey, kando ya mto Wandle, na huko hatimaye akaipata nili aliyoitaka.

Alifanya kinyume cha batiki. Nguo nzima ilitumbukizwa kwenye nili kwanza, ikawa buluu yote. Kisha kibao kilipeleka dawa ya kuondoa rangi, na pale kilipogusa pakawa peupe au buluu hafifu. Vibao vingine vikafuata na wekundu na njano, na njano ikilala juu ya buluu hafifu inazaa kijani cha majani. Kitambaa kimoja kilichukua siku kadhaa, na bei yake ilikuwa kubwa kupita pamba nyingi za kampuni yake. Hakikuwa kitambaa cha kila nyumba ya enzi ya Malkia Victoria. Rola za shaba za kupigia chapa kwa mashine zilikuwa na hataza tangu 1783, na pamba nyingi za maua za wakati ule zilitoka kwenye mashine. Na si zote za kampuni ya Morris ni zake: John Henry Dearle alibuni nyingi ambazo watu bado humpa bosi wake.

Kwa hiyo, dada yangu wa foronya, chaguo lako ni zuri na ndege ni walewale. Ila iite chapa, si batiki. Na kama imetoka kiwandani mwaka huu, karibu hakika hata kibao hakikuigusa. Sema tu ni nakshi ya Morris.