Farasi naye hujinyoosha chini

Tangu zamani watu husema farasi hulala wima maisha yake yote, na akionekana chini basi ni mgonjwa. Saisi, yaani mtunza farasi, wa shamba la kuzalisha farasi wa mbio, kule Newmarket, Uingereza, au hapa Kenya, anajua sivyo.

Kusinzia wima ni kweli: pia ya goti la mguu wa nyuma hujifunga, farasi akapumzika bila kuchosha misuli. Lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, humtaka alale chini, kwa kawaida kati ya dakika 30 na 60 kwa siku. Akiukosa siku nyingi, huweza kusinzia na kuporomoka ghafla.

Ndiyo maana saisi hutandika majani makavu kwa wingi, hasa kwa jike aliyekaribia kuzaa, kwani wengi huzaa usiku. Mtoto wake husimama ndani ya saa moja au mbili, kisha hulala chini sehemu kubwa ya siku. Msimwamshe, jamani!

Wasiwasi ni farasi anayegaagaa, anatoka jasho na kugeukia tumbo lake kila mara. Huyo huenda ana msokoto wa tumbo. Aitiwe daktari wa mifugo mara moja.