Kila noti ya nane iko kimya: tafuta njia iliyokatika kwenye bodi

Vinanda vingi vinavyofika mezani kwangu hapa Kariakoo vimeshahukumiwa kwingine: "Prosesa (chipu kuu ya kinanda) imekufa, tafuta bodi nyingine." Bodi ya kinanda cha zamani huipati dukani, kwa hiyo maneno hayo humfanya mwalimu wa kwaya akiweke stoo na kuanza kuchangisha hela za kipya. Hukumu hiyo naipinga karibu kila mara. Kinanda kikiwaka, kioo kikaonyesha maandishi na baadhi ya noti zikalia, prosesa inafanya kazi. Kilichokufa ni njia ya shaba, dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au kiunganishi cha waya bapa.

Kinachonipa uhakika huo ni mpangilio wa noti zilizonyamaza. Kinanda cha vitufe 61 hakina waya 61 zinazokwenda kwenye prosesa. Vitufe vimepangwa kama jedwali, mara nyingi kwa makundi ya nane nane, na prosesa hukagua kundi moja baada ya jingine kwa kasi ambayo sikio haliwezi kuitambua. Bonyeza kuanzia kushoto hadi kulia. Ukikuta noti nane zinazofuatana ziko kimya, mstari wa kundi hilo umekatika. Ukikuta kila noti ya nane ndiyo iliyonyamaza, umekatika mstari unaopita kwenye makundi yote. Noti moja peke yake inaelekeza kwenye mpira ulio chini ya kitufe chake au dayodi yake. Vipo vinanda vinavyogawa kwa sita au kumi na mbili, ila kanuni haibadiliki. Naandika noti zote zilizokufa kwenye karatasi kabla sijashika bisibisi, na karatasi hiyo huniambia sehemu ya kuchunguza kabla sijafungua chochote.

Ukifungua, anzia kwenye nyumba ya betri. Betri zilizosahaulika ndani ndizo adui mkubwa wa bodi hizi, na unyevu wa Dar wakati wa masika, pamoja na hewa ya chumvi kwa wanaokaa karibu na bahari, humalizia kazi. Utaona ukoko mweupe au wa kijani ukitambaa juu ya shaba. Kabla ya kusafisha, jua ni betri ya aina gani. Ya alkalini hutoa hidroksidi ya potasiamu, na dawa yake ni siki kidogo kwenye mswaki. Ile ya bei nafuu ya zinki na kaboni hutoa uchafu wenye asidi, na huo unataka maji yenye magadi kidogo. Ukimimina siki kwenye asidi hujasaidia kitu. Kwa vyovyote, malizia kwa maji safi, kisha spiriti, halafu acha bodi ikauke kabisa.

Zile alama nyeusi chini ya mipira ya vitufe ni kaboni iliyochapwa juu ya bodi. Naomba sana, msizisugue kwa msasa! Ikishatoka hairudi. Kitambaa laini chenye spiriti kidogo kinatosha.

Baada ya hapo chukua mita ya kupimia umeme. Weka kwenye mlio, gusa mwanzo na mwisho wa njia unayoishuku; isipolia, njia imekatika. Dayodi ipime mita ikiwa kwenye alama ya dayodi: ile ndogo ya kioo, 1N4148, husoma karibu volti 0.6 upande mmoja na upande wa pili haisomi kitu. Njia ikiwa imeliwa, kwangua rangi ya juu pande zote mbili hadi uone shaba inayong'aa, paka risasi ya kulehemu, kisha lehemu waya mwembamba kuruka jeraha. Napenda waya wa shaba wenye vanishi, ule wa mafundi wa kusuka mota. Usikalie sehemu moja kwa pasi ya kulehemu: risasi ya bati na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 183, na bodi za zamani za rangi ya kahawia huachia vipande vyake vya shaba upesi zikipata joto la muda mrefu. Mwishoni funika waya kwa rangi ya kucha isiyo na rangi ili unyevu usirudi.

Kabla ya kukirudisha kwa mwenyewe, omba uone adapta yake. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vinatumia volti 9 na hasi iko katikati ya pini; vingi vya Yamaha ni volti 12 na chanya ndiyo ya katikati. Pini zenyewe zinaweza kuingia popote, na kanisani adapta huazimwa kutoka kinanda hiki kwenda kile. Soma mchoro ulio karibu na tundu, linganisha na ulio kwenye adapta, kisha andika volti na upande wa hasi kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa kinanda.