Mtoto Amepona Surua, Mbona Bado Anaugua?

Maswali haya ni ya akina mama wanaouza karibu na soko la Kibuye, Kisumu.

Mwanangu ametoka kuugua surua. Anaweza kuipata tena?

Ni nadra sana. Virusi vikiingia mwilini, chembe nyeupe za damu hutengeneza kingamwili za kuvinasa. Mtoto akishapona, baadhi ya chembe hizo hubaki na kumbukumbu ya adui yule. Mwaka 1846 surua ilizuka visiwa vya Faroe, ikawaugua watu 6,000 hivi kati ya karibu 7,800. Daktari Peter Panum wa Denmark aliona jambo moja: wazee walioiugua mwaka 1781 hawakuguswa, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Basi mbona tangu apone ni kuharisha, kifua, masikio?

Hapa ndipo ubaya wa surua ulipo, na kwa maoni yangu hatuusemi vya kutosha. Virusi vyake huvamia chembe za kumbukumbu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa. Baada ya surua, walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Yaani mtoto anaikumbuka surua vizuri, lakini vijidudu alivyokwisha kuvishinda vinamkuta kama mgeni. Kujijenga upya huchukua miezi, hata miaka.

Kwa hiyo usiseme ni meno tu. Akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye surua pia hupewa vitamini A siku mbili mfululizo. Uliza kama alipewa.

Si afadhali augue apate kinga ya asili kuliko sindano?

Hapana. Chanjo ina virusi vilivyodhoofishwa: humpa kumbukumbu ya surua bila kumfutia zile nyingine. Hapa Kenya hutolewa akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Ile ya pili ndiyo husahaulika, mtoto akishaanza kukimbia uani. Angalia kijitabu chake cha kliniki.

Na mafua na korona, mbona hurudi?

Virusi vyake hubadilika sura, na kingamwili hupungua kadiri muda unavyopita. Lakini kumbukumbu iliyobaki mara nyingi huzuia ugonjwa kuwa mkali.

Babu aliugua tetekuwanga utotoni. Sasa ana mkanda wa jeshi. Atatuambukiza?

Virusi vya tetekuwanga haviondoki. Hujificha kwenye neva na kuamka kinga ikishuka. Mkanda wenyewe hauambukizwi. Ila asiyewahi kuugua tetekuwanga wala kuchanjwa dhidi yake, akigusa majimaji ya malengelenge yale, anaweza kupata tetekuwanga. Babu ayafunike kwa nguo au bandeji mpaka yakauke, na mjamzito ambaye hajawahi kuugua asimkaribie.